Kufuli la Bweni

Agosti mwaka jana nilimpeleka mwanangu wa miaka kumi kwenye kambi ya likizo, siku tano, katika shule moja ya bweni huku Kisauni, Mombasa. Pesa nilishalipa. Nilikuwa nachomeka chandarua chini ya godoro lake nilipoinua macho nikauona mlango: komeo kwa nje, kufuli linaning'inia. Madirisha yote yana vyuma. Nikamuuliza kijana aliyekuwa akiwapokea watoto, kufuli hili ni la nini? Akanijibu kwa adabu, "Usiku tunawafungia, mama, wasije wakatoroka wakaenda baharini."

Nia yake ilikuwa njema, sina shaka. Lakini sisi tuliokuwa watu wazima hapa Pwani mwaka 1998 hatuwezi kulisikia neno hilo tukatulia. Mwaka huo bweni la wasichana la Bombolulu liliwaka moto usiku, madirisha yana vyuma, wakafa wasichana zaidi ya 20. Baada ya misiba ya namna hiyo Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo wa usalama shuleni mwaka 2008, na umeandikwa wazi: mlango wa bweni ufunguke kwa nje, usifungwe watoto wakiwa ndani, madirisha yasiwe na vyuma. Na bado mwaka 2024 tuliwazika wavulana 21 wa shule ya Endarasha, Nyeri, baada ya bweni lao kuungua.

Nikaomba kuona karatasi. Nililetewa faili nzima: leseni ya biashara ya kaunti, cheti cha zimamoto, vyeti vya afya vya wapishi. Zote halali, hakuna ya kughushi. Nilipozisoma ndipo nilipoelewa tatizo liko wapi. Cheti cha zimamoto kilipewa shule, wakati matroni yupo na mlinzi anajua funguo zilipo. Likizo, matroni yuko kwao. Wapishi waliokuwa kwenye vyeti ni wa shule, na yule dada niliyemkuta uani akichambua mchele hakuwa mmoja wao. Leseni ya biashara, nayo, ilimruhusu mwenye kambi kufanya biashara, basi. Kuhusu wale vijana wanane watakaolala na watoto wetu, faili halikuwa na hata jina moja.

Kwa hiyo ninachokitaka ni hiki: kibali kiwe cha kambi yenyewe, si cha jengo wala cha kampuni. Kiandikwe tarehe, idadi ya watoto, majina ya walezi wote na cheti cha tabia njema cha kila mmoja, kisha kibandikwe getini mzazi akisome kabla hajamwacha mtoto. Cheti hicho cha polisi huombwa kwa tovuti ya serikali, eCitizen, kwa Sh1,050, alama za vidole unatoa kituo cha Huduma pale Posta. Si jambo la kumshinda mtu anayetoza watoto sitini.

Najua madrasa na makanisa hukusanya watoto kwa michango midogo, na kibali cha bei kubwa kitawafungia mlango. Kaunti isiwatoze hata shilingi. Tunachohitaji ni mkaguzi aje kuangalia mlango.

Na bahari? Ratiba ya kambi ile ilisema kuogelea saa nane mchana, Jumatatu mpaka Ijumaa. Mvuvi yeyote angeshtuka. Maji hayana saa moja ya kudumu ya kujaa na kupwa. Kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Saa nane ya Jumatatu maji yakiwa yamejaa na kusimama, ya Alhamisi yatakuwa yanakimbia kujaa, na mtoto asiyejua kuogelea anaweza kukosa pa kukanyaga kwa hatua moja tu. Bamvua, mwezi mchanga au mpevu, ndiyo mbaya zaidi: hapa kwetu maji hupanda na kushuka karibu mita nne. Na Agosti ni kusi, bahari imechafuka. Halmashauri ya Bandari huchapisha majedwali ya maji, yapo. Mkaguzi akatae ratiba yoyote ambayo haikutengenezwa na jedwali hilo mkononi.

Kijana yule alimwita mkubwa wake, tukazungumza kwa muda mrefu uani, sikupandisha sauti. Mwishowe kufuli likatolewa, na mlezi mmoja akatandika godoro lake karibu na mlango, usiku zote nne. Nikamwacha mwanangu.

Sasa matangazo ya kambi za Desemba yameanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Nimepiga simu mbili. Wa kwanza aliniuliza kama mimi ni mkaguzi wa serikali. Wa pili, kabla ya magharibi, alinitumia majina ya walezi wake wote na vyeti vyao, na akaniambia nije Jumamosi niyaone mabweni. Nitakwenda na mwanangu.