Nyoka wa maji wa Asia: kugawa majina kunamsaidia nani?

Kwa miaka mingi jina la jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) Enhydris lilikuwa kama tenga la mvuvi. Nyoka wengi wa maji baridi, kuanzia Pakistani hadi kaskazini mwa Australia, wenye meno ya sumu hafifu nyuma ya taya na wanaozaa badala ya kutaga, walitiwa humo, mpaka spishi zikapita 20. Mwaka 2014 watafiti wa nyoka John Murphy na Harold Voris wakalimwaga tenga hilo. Zilitoka jenasi nyingi, nyingine zenye spishi moja tu, kama Mintonophis wa bonde la Mto Indus.

Wanaopinga mgawanyo huo wana hoja nzito. Jenasi ya spishi moja haikuambii nyoka huyo ni ndugu wa nani, na anayesoma ripoti za zamani inambidi akariri majina mawilimawili. Lakini vinasaba vilishaonyesha kwamba hao wote walioitwa Enhydris hawakutoka tumbo moja. Kuendelea kulitumia jina lile kwa wote ni kuendelea kuandika undugu usiokuwepo.

Mimi niko na wagawaji, ila kinachonisukuma zaidi ni spishi. Itazame jenasi Cerberus, ya nyoka wa mikoko na matope ya pwani. Zamani spishi yake moja, rynchops, ilichorwa kwenye ramani kutoka India hadi Australia. Uchambuzi wa 2012 ukairudisha upande wa magharibi wa eneo hilo. Spishi nyingine, schneiderii, akachukua sehemu kubwa ya Asia ya Kusini-Mashariki, australis akabaki na Australia, na dunsoni akatambuliwa visiwani Palau. Hapo hapo pana tatizo la kweli: India ilikuwa imemwandikisha rynchops katika Kiambatisho cha Tatu cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea pori. Jina likibanwa kwa eneo dogo zaidi, afisa wa forodha atajuaje ngozi iliyo mbele yake inahusika au haihusiki? Sheria lazima zifuate majina haraka, na mara nyingi hazifuati.

Hata hivyo gharama ya kutogawa naiona kubwa zaidi. Katika ziwa Tonle Sap, Kambodia, utafiti wa 2007 ulikadiria kwamba nyoka wapatao milioni 6.9 walikuwa wakivuliwa kila mwaka, wengi wao wa familia ya nyoka hawa wa maji, na wengi waliishia kuwa chakula cha mamba wa kufugwa. Ndani ya mizigo hiyo alikuwemo Enhydris longicauda, ambaye makazi yake ni ziwa hilo. Akihesabiwa kama nyoka wa maji tu, wingi wa wenzake utaficha kupungua kwake.