Mzabibu Sugu Bado Unataka Salfa

Ugonjwa wa Pierce wa mizabibu hauna dawa. Bakteria wake, Xylella fastidiosa, hukaa ndani ya mirija inayopandisha maji, na husambazwa na wadudu wanaofyonza maji hayo. Majani huungua kuanzia pembeni kisha hupukutika, vikonyo vikibaki vimesimama kwenye tawi kama njiti za kibiriti. Kule California ulifyeka mizabibu ya Anaheim miaka ya 1880. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ukaivamia Temecula.

Kumkimbiza mdudu kwa sumu kila msimu ni kuchota maji kwa pakacha. Naona alichofanya mzalishaji wa mizabibu Andrew Walker pale UC Davis, chuo kikuu cha California, kina mantiki zaidi: alichukua mzabibu mwitu wa Mexico wenye PdR1, jeni ya ukinzani dhidi ya ugonjwa huu, akauzalisha na zabibu za mvinyo, kizazi baada ya kizazi. Damu ya zabibu ya mvinyo hupanda: asilimia 50, 75, 87.5, 93.75, hadi karibu 97. Kila mzunguko hutumia mzazi mwingine wa mvinyo, maana ukirudia yuleyule miche hudhoofika.

Kazi yenyewe ni ya vidole. Ua halijafunguka, unabandua kofia yake na stameni kwa kibanio, unafunika kishada kwa mfuko wa karatasi, kisha unapaka chavua. Mbegu hulazwa kwenye ubaridi wenye unyevu kama miezi mitatu. Mche ukishatoa majani machache, kipande cha jani hupimwa DNA. Takriban nusu ya miche haina jeni, hutupwa.

Hapo ndipo wengi hujidanganya. Kuwa na jeni si kuwa sugu. Lazima udondoshe bakteria kwenye shina, uchome kwa sindano, usubiri wiki kumi na zaidi, halafu uhesabu bakteria waliopanda juu. Kitalu kikiwa baridi, bakteria huzaana polepole na hata mche dhaifu utaonekana shujaa. Ndiyo maana jaribio lisilo na mche unaojulikana kufa silihesabu.

Aina tano zilitolewa 2019, Camminare noir ikiwemo. Mvinyo wake ni mzuri. Kikwazo ni jina lisilojulikana dukani. Wasiwasi wangu ni kuegemea jeni moja: bakteria ndani ya mzabibu huo hupungua lakini hawamaliziki, na wanaobaki wana muda wa kubadilika. Mimi ningesubiri aina zenye vyanzo viwili vya ukinzani kabla ya kupanda shamba zima. Na PdR1 haizuii ubwiriunga, ukungu unaodhibitiwa kwa salfa, kwa hiyo pampu ya salfa isiuzwe.