Lala Chini Kwanza, Bei Baadaye

Tangazo ni lile lile, kila wiki, kila kundi la WhatsApp la magari hapa Tanga: "IST kali, namba E, AC baridi, rimu za kisasa, muziki mnene, halina tatizo lolote, ni kuweka mafuta na kutembea." Picha zinafuata. Mbele, nyuma, ubavuni, dashibodi, tena mbele likiwa limeoshwa. Ya chini ya gari hakuna. Na chini ya tangazo watu wazima, wenye familia na mikopo ya kurejesha, wanauliza swali moja tu: "Bei ya mwisho?" Hakuna hata mmoja anayeuliza chesesi ikoje.

Sehemu ya lawama nawatupia wenye maonesho ya magari. Tokyo wamekuwa wakipanga magari jukwaani tangu 1954, na mwaka 2023 wakabadilisha jina ikawa Japan Mobility Show, lakini mchezo haukubadilika: taa kali, gari linazunguka polepole, kijana mwenye glavu nyeupe anafuta alama za vidole. Video zinafika huku kwetu Ngamiani kabla jukwaa halijavunjwa, na jicho lililofundishwa na video hizo ndilo mtu anaenda nalo yadi. Anaangalia rangi, anaangalia skrini, anafunga mlango asikie unavyolia. Maonesho ya Geneva, yaliyoanza 1905, waandaaji wake walitangaza mwaka 2024 kwamba hayatafanyika tena huko. Sikulia. Nakubali lakini, maana haki ni haki, kwamba yapo yaliyotoka jukwaani yakatufaa: Prius ilionekana Tokyo mwaka 1995 kama gari la majaribio, ikaanza kuuzwa 1997, na leo watu wanakwenda nayo Dar na kurudi kwa mafuta yanayomtia wivu mwenye Crown. Haya, hilo nimewapa. Lakini hakuna maonesho hata moja yaliyowahi kumfundisha mtu kulala chini ya gari.

Na "namba E" ndiyo nini? Namba inakwambia gari limesajiliwa lini Tanzania. Haikwambii limetengenezwa lini. IST ile ya kwanza inayopendwa ilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, na kibao kipya hakiifanyi kuwa binti. TRA wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana gari dogo likiingizwa nchini likiwa limezidi miaka minane linapigwa tozo ya uchakavu, likizidi kumi tozo inapanda. Serikali imeshaona gari ni kuukuu. Ni mnunuzi tu ambaye hajaona.

Sasa kutu. Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini kutu ikija haiondoki. Wala gari halihitaji kuzama baharini. Upepo wa bahari unabeba chumvi, chumvi inakaa kwenye bati, na kazi ya chumvi ni kuvuta unyevu wa hewani. Bati lenye chumvi halikauki hata mvua ikikata mwezi mzima. Tena maji yenye chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, na kutu kwa hakika ni umeme mdogo unaokula chuma. Bati la bodi ya gari dogo kwa kawaida halifiki hata milimita moja. Piga hesabu mwenyewe itachukua muda gani. Gari linalolala Raskazone, ufukweni, haliozi sawa na linalolala Pongwe, mbali na bahari, na mwenye gari akikwambia "hili lilikuwa linakaa Dar", muulize Dar ipi, ya Mbezi Beach au ya Kimara.

Unachohitaji ni boksi la kulalia, tochi (hii ya kumulikia, si ile ya trafiki wa njia ya Segera), bisibisi yenye mpini mgumu, na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa isikwaruze rangi. Lipeleke gari kwenye gereji yenye shimo. Kama hakuna shimo, liinue kwa jeki kisha tia stendi mbili. Usiingize kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Anza na vizingiti vya milango. Chini ya kila kizingiti kuna vitundu vya kutolea maji. Mchanga na tope vikiziba vitundu hivyo, maji yanabaki ndani ya kizingiti na kutu inaanzia ndani kuja nje. Kwa hiyo ukiona rangi imevimba kidogo tu kwa nje, usiseme "imeanza". Ndani kumekwisha. Gonga kwa mpini wa bisibisi kutoka mbele kwenda nyuma: bati zima linalia, lililooza au lililojazwa puti (ule udongo wa kuzibia bodi) linatoa sauti nzito, iliyokufa. Pitisha sumaku palepale. Penye puti nene haishiki. Halafu angalia sehemu za kuwekea jeki. Zikiwa zimepondeka na kukunjamana, huenda chuma hakina nguvu tena ya kulibeba gari.

Fungua boneti utazame vichwa vya shokapu, kulia na kushoto, pale zinapofungwa kwenye bodi. Kutu ya juujuu inasugulika. Ufa, tundu, au mchomeleo mpya mahali hapo: funga boneti, mpe mkono mwenye gari, nenda kanywe chai. Sehemu hiyo inabeba uzito wote wa mbele kila gari linapoingia shimoni, na mchomeleo wa haraka kwenye bati jembamba lililoliwa unapasuka pembeni yake, si pale ulipochomelewa. Nyuma, toa zulia la buti, toa tairi la akiba, gusa sakafu ya shimo lake. Ikiwa na unyevu, raba za taa za nyuma au za mlango zinavuja. Shuka tena chini utazame ekseli ya nyuma pale bushi (raba za kupokea mtikisiko) zinapokaa, na chuma kinachobeba injini.

Halafu mabomba ya breki, na hapa ndipo watu wanaponiudhi zaidi, kwa sababu wanaona ni kitu kidogo. Yanatoka mbele hadi nyuma chini ya gari, unene wa karibu milimita tano tu, ya chuma, na ndiyo yanayobeba shinikizo lote unapokanyaga breki ghafla. Yapapase kwa kidole. Yakiwa laini, sawa. Yakimeguka maganda, yabadilishwe kabla gari halijatoka hapo. Washa injini, kanyaga breki kwa nguvu zako zote na ushikilie nusu dakika: pedali ikishuka polepole kuelekea sakafuni, kuna panapovuja au masta silinda, pampu kuu ya breki, imechoka. Na fundi akitaka kukuwekea bomba la shaba la friji, kataa. Shaba tupu inachoka kwa mtikisiko na kupasuka siku usiyoitarajia.

Kuna uhuni mmoja nausema wazi, wala simtaji mtu. Gari la miaka karibu ishirini, ukiingia chini unakuta jeusi, linang'aa, linanuka lami mbichi. Muuzaji anakwambia kwa fahari, "Nimelipiga kinga bosi wangu, hapa Tanga lazima." Ni kweli, nakiri kwa shingo upande, kinga hiyo ni jambo zuri. Ila inakinga pale tu bati lilipokwanguliwa mpaka chuma, likaoshwa kwa maji yasiyo na chumvi, likakaushwa, likapigwa praima, ndipo likapakwa. Ukipaka juu ya kutu umeifunikia blanketi; unyevu unabaki ndani na kazi inaendelea usiyoiona. Tofauti utaijua hivi: mtu aliyekinga gari kwa nia njema hakupaka raba za bushi, nati, wala bomba la moshi. Aliyekuwa anaficha alipuliza kila kitu. Pale palipopakwa nene kuliko kwingine, ndipo pa kugonga.

Wala usijipe moyo kwamba linalotoka Japani moja kwa moja limesalimika. Kaskazini kule, Hokkaido na jirani zake, barabara za theluji zinamwagiwa chumvi kila msimu wa baridi. Dai karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari mnadani Japani. Ina mchoro wa gari na herufi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni palipotengenezwa, S ni kutu, C ni kuoza, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba baada ya herufi ikiwa kubwa, tatizo ni kubwa. Daraja likiandikwa R, gari limewahi kupata ajali likatengenezwa. Muuzaji asiye na karatasi si lazima awe mwongo, lakini bei yake ishuke.

Ukishalinunua, usiende kuliharibu mwenyewe. Kuna vijiwe vya kuoshea magari vinavyotumia maji ya kisima chenye chumvi. Onja maji kabla hujawapa funguo, sitanii. Waambie wapige maji chini ya gari, si juu tu, na waache kupiga pampu kwenye alternata na soketi za nyaya. Wale wanaoshusha gari mchangani mpaka mawimbi yaguse rimu ili wapige picha, sina la kuwaambia. Oili chafu inayopakwa chini na wazee wetu inasaidia kidogo, ila inakula raba za bushi na ikidondokea diski za breki utajuta.

Mengine nayasema mbio. Injini ikaguliwe ikiwa baridi: shika boneti, ikiwa ya moto mwambie utarudi kesho asubuhi. Likiwaka na moshi wa buluu, linakula oili. Moshi mweupe usiokoma huku maji yakipungua, gasketi ya silinda hedi. Kizibo cha rejeta kifunguliwe kabla ya kuwasha. Maji ya rangi ya kutu maana yake kulanti, dawa ya maji ya rejeta, haikuwekwa au imechoka. Uliza kama thamostati, vali inayozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ipate joto, ipo. Mafundi wetu wanapenda kuitoa "gari lisichemshe", kumbe injini haifikii joto lake na inakunywa mafuta zaidi, na kwenye injini ambazo thamostati ndiyo inayofunga njia ya mkato, maji ya moto yanazunguka bila kupita kwenye rejeta na gari linachemsha kupanda Soni. Kwenye Vitz au Passo yenye taa ya buluu ya ubaridi, taa isipozima baada ya dakika kadhaa barabarani, umeshapata jibu. Giaboksi: tia D, kisha R, ikichelewa zaidi ya sekunde moja au mbili kushika au ikishtua, achana nayo. X-Trail T31 ya CVT (giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua) inataka haidroliki ya NS-2, si yoyote iliyo karibu na mkono wa fundi. Tairi lina tarakimu nne ubavuni. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama meno bado marefu. Vuta mkanda wa abiria mpaka mwisho: ukiwa na mstari wa tope, gari limeoga mafuriko.

Na kama unapandisha Lushoto, jua kwamba kushuka ndiko kunakoua. Kutoka Soni kwenda Mombo weka gia ya 2 au L kabla ya kona, si katikati yake, injini ikuzuie, breki uzikanyage kwa vipindi. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani, na hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 140. Ikichemka pedali inakuwa hewa tupu. Badilisha kila miaka miwili.

Makaratasi: namba ya chesesi kwenye kadi ifanane na iliyopigwa kwenye bodi, madeni ya trafiki yaangaliwe kwa namba ya gari, umiliki uhamishwe TRA kabla hujamalizia pesa ya mwisho. Na pesa yote usiimalizie kwenye bei. Bakiza ya oili ya injini (1NZ, injini ya IST ya cc 1500, inachukua lita 3.7 pamoja na filta), filta ya hewa, plagi, kulanti, mafuta ya breki na haidroliki ya giaboksi. Dalali atakwambia vyote vilifanyika juzi. Muulize kadi ya kumwagia oili iko wapi, imeandikwa kilometa ngapi, kisha vifanye tena.