Kipunguzi kwenye waya wa antena ya GPS: hasara iko wapi?

Anayefunga kipunguzi, yaani kifaa kidogo cha kudhoofisha mawimbi, cha desibeli 10 (kipimo cha uwiano wa nguvu: kila 10 ni mara kumi) kati ya antena na kipokezi cha GPS cha kutunzia saa huonekana mharibifu. Mawimbi yameshuka kutoka kilomita 20,200 juu, yamefika yakiwa karibu desibeli 130 chini ya miliwati moja, yamezama ndani ya kelele (vurugu za umeme zisizo na ujumbe), naye anatupa tisa ya kumi ya kilichobaki. Wanaomshangaa wana hoja, nitaifikia. Ila wengi wao hawajajiuliza anatupa nini hasa.

Anatupa mawimbi pamoja na kelele yake. Uwiano wa viwili hivyo, ambao ndio tegemeo la kipokezi, huamuliwa karibu wote na amplifaya, yaani kikuza mawimbi, iliyomo ndani ya antena, kabla waya haujaanza. Chukua antena inayokuza kwa desibeli 40 na kuongeza kelele ya desibeli 1.5, waya unaokula desibeli 10, na kipokezi chenye kelele ya desibeli 4. Kelele ya mfumo mzima inakuja kama desibeli 1.51. Tia kipunguzi: 1.58. Basi. Asilimia 90 ya nguvu imeondoka, na uwiano umeshuka kwa saba ya mia ya desibeli. Nani ataiona tofauti hiyo?

Anachopata je? Kwanza, kipokezi kilichoundwa kupokea ukuzaji wa desibeli 20 hakilemewi na zile 30 zinazobaki baada ya waya, jambo lenye uzito palipo na minara ya simu jirani. Pili, na hili halisemwi vya kutosha, viunganishi visivyolingana hurudisha sehemu ya mawimbi, nayo huzunguka ndani ya waya na kufika kwa kuchelewa. Mwangwi huo hupita kwenye kipunguzi mara mbili zaidi ya mawimbi halali, hivyo hufifia kwa desibeli 20 zaidi yake. Anayetafuta mahali alipo hajali sana: kuchelewa kunakolingana kwa setilaiti zote hakumhamishi. Saa haina msamaha huo. Kila nanosekunde (sehemu ya bilioni ya sekunde) ya kuchelewa kwenye waya huingia kwenye jibu.

Sasa upande wa pili. Kwa kipokezi kilekile, weka antena inayokuza kwa desibeli 26, yenye kelele ileile ya 1.5, na waya mrefu mwembamba unaokula 20. Kelele tayari ni desibeli 3.1, na kipunguzi kinaipandisha hadi 8.9. Hapo setilaiti dhaifu zinapotea, na wapinzani wako sahihi kabisa: dawa ni waya mnene, au amplifaya ya nyongeza karibu na antena, si karibu na kipokezi.

Kuna na la volti. Amplifaya ya antena hulishwa umeme kupitia waya uleule, na kipunguzi cha kawaida hushusha volti hizo au huzikata. Kinunuliwe kile kinachopitisha umeme wa DC, yaani wa mkondo wa upande mmoja.