Beyoncé Amenikuta Kwenye Country, Sasa Mgeni Ni Mimi

Kofia yangu niliinunua Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, mwaka 2009, shilingi mia tatu, baada ya kuvutana na mwenye kibanda karibu nusu saa. Ni ya ngozi nyeusi iliyofifia, ukingo wake umejikunja pande mbili kama jani la mgomba juani, na ndani kuna jina la mzungu limeandikwa kwa kalamu. Nimeivaa miaka 15 na nimechekwa miaka 15. Mama Watoto aliipiga marufuku isikanyage kanisani. Binti yangu alipokuwa sekondari, siku ya wazazi alinisubiri getini akaninong'oneza, "Baba, hiyo kitu iache kwa gari." Gari gani? Tulikuja na matatu.

Kosa langu ni moja tu: mimi ni mtu wa country, ule muziki wa mashambani wa Marekani. Na si wa kuanza jana. Marehemu baba yangu, kule Kericho, alikuwa na redio ya betri sita na kanda nne: Jim Reeves, Kenny Rogers, Don Williams na Charley Pride. Kanda ikimezwa na redio, tuliirudisha ndani kwa kalamu ya Bic, taratibu, kwa zamu, na atakayeikunja analala bila maziwa. Jioni watu wakishatoka kuchuma chai, ng'ombe wanakamuliwa huku Jim Reeves anaimba. Mpaka leo nikiisikia sauti ile, pua yangu inanusa ndoo ya maziwa.

Ile ya Charley Pride ilinakiliwa mjini, haikuwa na picha. Baba akashikilia kwamba huyo ni mzungu mtupu. Rafiki yake akabisha kwamba ni mweusi kama sisi. Wakawekeana dau, na baba akapoteza jogoo. Ila nimekuja kumsamehe, maana hata Marekani kwenyewe, nyimbo za kwanza za Charley Pride zilipopelekwa kwenye vituo vya redio miaka ya 1960, kampuni haikuambatisha picha yake. Walijua wanachokifanya. Waliowekewa mtego ni watu wa kule. Jogoo akaenda wa Kericho.

Na msifikiri niko peke yangu. Ingia baa yoyote ya Nairobi yenye usiku wa country, utakuta wanaume wazima, vitambi mbele, macho yamelowa, wanaimba habari za treni wasiyowahi kuipanda, inayokwenda mji ambao viza yake walinyimwa. Sisi tunajuana. Tulikuwa tunateseka vizuri tu, kimyakimya.

Basi ikafika Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2024. Nimevaa suti, nasubiri twende ibada. Binti yangu, ambaye sasa yuko chuo na anajua kila kitu, akatoka chumbani mbio na simu mkononi. "Baba! Beyoncé ametoa country!" Kisha akanikalisha kwenye kochi langu mwenyewe akaanza kunifundisha. Kwamba kuna ala inaitwa banjo. Mimi! Naelezwa banjo na mtu niliyembembeleza alale kwa Kenny Rogers!

Nikamwacha amalize. Ndipo akasema jambo ambalo sikuwa nalijua: kwamba banjo asili yake ni Afrika, mababu wa Waamerika weusi ndio waliovuka nayo bahari wakiwa watumwa, na kwamba anayeipiga kwenye "Texas Hold 'Em" ni Rhiannon Giddens, mwanamke mweusi. Nikakohoa. Nikasema, "Naam, ndivyo." Mzee hasemi "sikujua" mbele ya mtoto aliyemlipia karo.

Albamu yenyewe inaitwa Cowboy Carter, na ina vipande 27. Ishirini na saba! Enzi zetu mtu akikupa nyimbo kumi unageuza kanda, unashukuru. Tukaanza kusikiliza, yeye sikio la kushoto, mimi la kulia. Mwanzo ni kwaya nzito, nikaona sawa, leo ni Ijumaa Kuu. Mara ikaingia sauti ya mzee anayejifanya mtangazaji wa redio, na hata kabla sijaambiwa nikainuka kama nimesikia wimbo wa taifa. Willie Nelson, mkongwe wa country! Nikaanza kulainika. Nikasema huyu dada amekuja na wazee, ana adabu.

Halafu akaimba Kitaliano.

Nikadhani simu imeruka. Binti akasema hapana, ndiyo albamu hiyo. Mbele kidogo ngoma zikabadilika, miguu ya binti ikaanza kurukaruka chini ya meza, mimi nimekaa na sikio moja kama mtu anayesubiri daktari. "Hii nayo ni country?" Akanijibu bila kuniangalia: "Baba, mwenyewe amesema hii si albamu ya country, ni albamu ya Beyoncé." Sasa kama si country, mbona wewe umevaa kofia yangu? Maana alikuwa ameshaivaa, tena anajipiga picha.

Kilichoniuma ni Linda Martell. Ni bibi aliyezaliwa 1941, anazungumza humo ndani kuhusu haya mambo ya kugawa muziki kwa mafungu, kwa sauti ya mtu aliyeyaona mengi. Mwaka 1969 aliimba Grand Ole Opry, jukwaa kuu la country kule Nashville, mwanamke mweusi wa kwanza kusimama pale peke yake kama mwimbaji. Nimesikiliza country maisha yangu yote na sikuwahi kulisikia jina lake. Halikuwa kwenye kanda hata moja kati ya nne za baba, wala redioni, wala baa. Nimeletewa na Beyoncé, kwa bando la binti yangu, ambalo liliisha papo hapo na nikaambiwa ninunue lingine.

Lakini hayo ni madogo. Balaa ni "Jolene".

Wimbo pekee wa country ambao Mama Watoto aliukubali miaka yote ni huo wa Dolly Parton wa mwaka 1973. Mwanamke anamwomba mwenzake mrembo asimchukulie mume. Nami niliupenda kwa sababu zangu. Ulinipa thamani. Mke akiuimba huku anapika, mume unakaa sebuleni unajiona kama shamba la kando ya barabara ya lami.

Sasa Beyoncé kaugeuza. Haombi tena, anaonya. Mama Watoto alikuwa anakatakata sukuma wiki. Nikaona kisu kimesimama. "Rudisha." Ukarudishwa. "Rudisha tena." Mara ya tatu akaja mpaka mlangoni, kisu bado mkononi, jani moja la sukuma limenata kwenye ncha, akanitazama kutoka kofia (nilikuwa nimeshainyang'anya) mpaka soksi. "Huyo anayekupigia saa tatu za usiku ni nani?"

Jamani, ni mweka hazina wa chama! Ananidai michango ya miezi miwili. Jolene gani anadai elfu moja na faini? Nilieleza mpaka jasho likanitoka, nikaonyesha na ujumbe. Hakunipa jibu. Alirudi jikoni anaimba kile kipya, na kisu kinapiga ubao kwa kufuata ngoma. Michango niliilipa Jumamosi ya Pasaka, asubuhi na mapema, kwa mkopo.

Jioni ile nikaona nami nijitetee. Nikamwambia binti, huyo Beyoncé wako anatoka Houston, sawa, lakini country ilifika kwetu kabla mama yake hajazaliwa. Nikamsimulia Chemirocha. Kwamba santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa country wa enzi hizo, zilifika kwa Wakipsigis zamani za mkoloni, wazee wakazisikia, jina likawashinda, wakaliita Chemirocha. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki, Hugh Tracey, akaja na mitambo yake akawarekodi wasichana wetu wakimwimba huyo Chemirocha kwa mlio wa nyuzi zetu wenyewe, na akaelezwa kwamba ni kiumbe nusu mtu, nusu paa. Yaani mwimbaji wa Mississippi aliyekufa 1933 alikuja kuwa mnyama wa porini kwetu, anachezewa ngoma!

Binti akaweka simu chini. Sijui niieleze vipi kwa mtu asiye na mtoto wa chuo. Aliiweka simu chini, tena kifudifudi. "Baba, mbona hukuwahi kutuambia?"

Nikamwambia chai inapoa.

Februari 2025 akanipigia alfajiri. "Baba, tumeshinda!" Nikajua ni mtihani. Kumbe ni Grammy: albamu bora ya country, na albamu ya mwaka juu yake. Wale wa tuzo za country za CMA hawakuwa wamempendekeza hata mara moja. Nikasema hongera kwetu, nikijiuliza sisi ni akina nani. Ndipo akasema wana sherehe hosteli, anaomba kofia.

Ikakaa huko wiki tatu. Imerudi Jumapili. Ndani, jina la mzungu halisomeki, na ukingo mzima umepakwa ule unga wa kumetameta ambao hautoki kwa maji, hautoki kwa sabuni, na ukiusugua kwa mafuta ya taa unang'aa zaidi.

Jana nimeivaa kwenda kazini, nitafanyaje. Makanga wetu wa matatu ya Rongai ananijua, kila asubuhi ni "Kenny Rogers, songa nyuma!" Jana alinitazama, akaitazama kofia, jua nalo ndio kwanza linaipiga.

"Beyoncé, songa nyuma!"

Nikasonga.