Kitabu cha Tuzo Mbele ya Darasa la Tatu

Tangu Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilipotangaza washindi wake wa kwanza Aprili 2023, na hasa baada ya hadithi za watoto kuongezwa kwenye riwaya na ushairi, walimu ninaokutana nao Mbeya na Iringa wamekuwa wakibishana: je, kitabu kilichoshinda ndicho kitangulizwe darasani?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Mwalimu wa kijijini Kilolo au Rungwe hana duka la vitabu la kwenda kupekua, wala hana nafasi ya kusoma hadithi ishirini ili achague moja, na fedha za vitabu vya ziada zikipatikana huwa kidogo. Tuzo imekwisha kumfanyia mchujo, na mtoto anapata hadithi iliyotungwa kwa Kiswahili, lugha anayofundishiwa, na mtu anayeijua nchi yake.

Hata hivyo, tunapaswa kujiuliza ni kitu gani hasa kilichoshinda. Washindani huwasilisha miswada, nayo husomwa na watu wazima. Kwa riwaya hilo halina shida. Kwa mtoto wa miaka minane, picha ni nusu ya hadithi. Wamarekani waliliona hilo zamani: nishani yao ya vitabu vya watoto iitwayo Newbery, iliyoanza kutolewa mwaka 1922, hutazama maandishi, na mwaka 1938 wakaongeza ya Caldecott kwa ajili ya wachoraji. Kwetu mswada mzuri unaweza kuchorewa picha hafifu baadaye, na ushindi wake usitwambie lolote juu ya hilo.

Wapo pia wanaolalamika kwamba hadithi nyingi ni za pwani, na watoto wa nyanda za juu hawaoni kwao ndani yake. Hoja hii siikatai, ila nimeshuhudia jambo linalonizuia kuikubali yote. Ilikuwa Julai, Mufindi, ukungu umefika hadi madirishani, na mwalimu wa Darasa la Tatu alikuwa na nakala moja tu ya hadithi ya mvuvi kwa watoto sitini na wanane. Alipofika kwenye maji kupwa, binti mmoja wa dawati la mbele akauliza, “Mwalimu, hayo maji yakiondoka yanakwenda wapi?” Mwalimu akaagiza karai la maji, akaliinamisha taratibu mpaka upande mmoja ukabaki mkavu, kisha akaisoma upya sentensi ya mtumbwi uliolala mchangani. Darasa zima lilikuwa limesimama. Ugeni wa bahari haukuwazuia watoto hao, uliwavuta.

Kilichowazuia ni kingine. Ili wa nyuma waione picha, mwalimu alilazimika kupita dawati kwa dawati, na kipindi cha dakika arobaini kikaishia ukurasa wa tatu. Kesho yake, hadithi ilipomalizika, ubaoni paliandikwa swali tunaloliuliza wote, mimi nikiwamo kwa miaka mingi: hadithi hii inatufundisha nini? Karibu kila daftari lilijibu kwamba tuwatii wazazi, na hakuna aliyeandika juu ya maji. Naamini swali hilo limewaharibia watoto wetu hadithi nyingi kuliko uhaba wa vitabu ulivyofanya, na kitabu kilichoshinda hakina kinga dhidi yake.

Kwa hiyo nakiunga mkono kitabu cha tuzo, kwa masharti. Shule ikinunue kwa nakala kumi hivi, watoto saba wagawane moja, hata kama itabidi kupunguza idadi ya hadithi zinazonunuliwa. Na kwa kuwa Taasisi ya Elimu Tanzania ndiyo inayoratibu tuzo hii, mswada wa watoto ulioingia hatua ya mwisho usomwe kwa sauti katika darasa moja la Kilwa na jingine la Mufindi, na mchoraji awe ameketi nyuma akiandika kila swali linaloulizwa, kabla hajashika penseli.