Mfupa umeunga, mtoto je?

Msimu wa maembe Tabora ni msimu wa watoto kuanguka. Anayedondoka hutanguliza kiganja, na mfupa huvunjika juu kidogo ya kiwiko. Wiki chache baadaye plasta ngumu inakatwa, eksirei inasomwa, kiwiko kinapimwa kwa kipima pembe, faili linafungwa: kapona. Wanaotaka mtoto aulizwe pia maisha yake yanaendaje huonekana wanaongeza makaratasi kwenye kliniki ambayo foleni yake inaishia nje.

Wanaopinga wana hoja. Kipima pembe hakina huruma wala aibu: kiwiko kinachokunjuka na kukunjika kati ya nyuzi 30 na 130 kinatosha kazi nyingi za kila siku. Hojaji hutegemea kauli ya mtoto wa miaka 6, ambaye ukimuuliza anajisikiaje atakujibu "nzuri", maana ndivyo alivyofunzwa kuitikia salamu. Ukimuuliza "Hukupata maumivu?" akasema "ndiyo", hujui kakubali lipi.

Ila hapo kakosea muulizaji. PedsQL, hojaji ya Mmarekani James Varni inayopima ubora wa maisha ya watoto, ina maswali 23 kwa mtoto wa umri wa shule: 8 ya mwili, 5 ya hisia, 5 ya wenzake, 5 ya shule. Huuliza katika mwezi uliopita jambo fulani limekuwa tatizo mara ngapi, kuanzia 0, yaani halijawahi, hadi 4, karibu kila mara. Sifuri hugeuzwa kuwa alama 100, 1 ni 75, na kuendelea hivyo hadi 4, ambayo ni alama 0. Mwenye miaka 5 hadi 7 husomewa, naye hugusa picha moja ya uso kati ya tatu.

Chukua kiwiko kilichounga kikiwa kimepinda kuelekea ndani. Mara nyingi hukunjika vizuri tu, na kwenye faili nyuzi zote zipo. Swali la kutaniwa na wenzake ndilo litakaloonyesha kwamba shuleni anaitwa "mkono kombo" na sasa havui shati. Mama huenda hajui. Wazazi na watoto hupatana zaidi kwenye majibu ya mwili kuliko ya moyoni. Basi mzazi ajaze karatasi yake kwenye benchi jingine, asimkodolee mtoto macho.

Hatari halisi ya hojaji iko kwenye hesabu, na hiyo wapinzani hawaitaji. Mtoto aliyeanguka Novemba akirudi kliniki mwishoni mwa Desemba, shule zimefungwa. Anayemjazia hojaji anaruka maswali 5 ya shule: "hayahusu". Kanuni inaruhusu kupiga wastani ilimradi nusu ya maswali imejibiwa, na 18 ni zaidi ya nusu. Tuseme yote 18 yamepata alama 75: wastani wake ni 75, mtoto anaonekana hana neno. Shule ikifunguliwa, mkono haushiki kalamu, maswali yale 5 yakapata alama 0. Gawanya 1,350, yaani 18 mara 75, kwa 23: 58.7. Alama 16 zilikuwa zimefichwa na likizo, wakati kwa kipimo hiki tofauti ya 4.4 tu huhesabiwa kuwa na maana kwa mtoto mwenyewe. Dawa yake si kuitupa hojaji. Uliza katikati ya Februari, mwezi uliopita ukiwa wote wa masomo. Andika sababu ya kila pengo. Toa alama za sehemu nne kila moja peke yake. Na siku za mwanzo wodini, uliza kuhusu mwezi wa kabla ya ajali, vinginevyo huna pa kulinganishia.

Kuhusu foleni, maswali haya husomwa mtoto akisubiri eksirei.

Tafsiri nayo ina mitego. Swali la kutembea zaidi ya "block" moja, yaani kipande cha mtaa wa mjini Marekani, halina maana Sikonge. Taja umbali unaojulikana, mfano kutoka goli hadi goli. Aliyevunjika paja atajibu vizuri kuhusu kutembea na kukimbia, halafu goti lililokakamaa likamshinda kuchuchumaa chooni, na hakuna swali hata moja la kuchuchumaa. Usilichomeke ndani ya yale 23, utaharibu ulinganisho. Liandike kwenye karatasi ya pembeni, pamoja na la kubeba ndoo ya lita 10, lisihesabiwe kwenye alama, ila lisomwe kabla faili halijafungwa.